Mwanya wa Kufuga

Mtaani hapakuwa na mtu aliyemwita yule fundi wa nguo kwa jina alilopewa na wazazi. Wateja, majirani, hata mumewe siku akiwa na furaha, wote walimwita Mama Mwanya. Meno yake mawili ya mbele, ya juu, yalikuwa yameachana kiasi cha kupitisha uzi wa kushonea viatu, na akicheka, mwanya ule ndio uliotangulia, uso wote ukafuata nyuma.

Alishonea kwenye kibaraza kimoja na mumewe, ambaye alikuwa kinyozi. Upande huu cherehani, upande ule kiti cha kunyolea, na katikati pazia ambalo halikuwahi kufungwa hata siku moja, kwa sababu kila mmoja alitaka kusikia umbea wa wateja wa mwenzake. Kinyozi alifagia kila kichwa kimoja kikiisha. Hakuna aliyemwagiza. Alijua tu kwamba mkewe anashona sare za wauguzi, na kitambaa cheupe hakipendi nywele.

Sasa, kinyozi alikuwa na swali moja alilomuuliza kila aliyekaa kwenye kile kiti: "Unanyoa au unafuga?" Mwenye kufuga ndevu alitengenezwa pembeni tu, mwenye kunyoa alinyolewa. Swali hilo lilikuwa limeingia mpaka ndani ya nyumba yao. Binti yao akiachia kucha zikue, alifuga kucha. Kinyozi mwenyewe alifuga kitambi. Kikombe kilichovunjika mkono kilifugwa juu ya kabati, na vipande vya vitambaa vilivyobaki vilifugwa uvunguni mwa kitanda. Kila kitu ambacho hakiguswi wala hakitupwi, kwao kilikuwa kinafugwa.

Meno ya chini ndiyo yaliyoleta shida. Yalikuwa yamesongamana kama watu waliofika dirishani kwa pamoja kila mtu akidai amewahi. Moja lilikuwa limekaa ubavuubavu na kumkata ulimi kila akila. Chakula kilinasa, fizi zikavuja damu. Daktari wa meno akamsafisha, akazitibu fizi, kisha akamwambia aende kwa daktari wa kupanga meno.

"Kupanga?" kinyozi akauliza usiku ule wakila. "Kwa hiyo meno yako sasa ni wapangaji? Mwenye nyumba ni nani?"

"Mwenye nyumba ni mimi," Mama Mwanya akajibu. "Na nikimalizana nao nitakuja kwako, wewe mpangaji usiyejua hata kufua soksi zako."

Walicheka, lakini kichwani mwake Mama Mwanya alikuwa na jambo moja, na halikuwa maumivu. Alikuwa anamwaza mama yake.

Mama yake alikuwa mzee sana na aliishi kwa mwanawe wa kiume, kaka yake Mama Mwanya, ng'ambo ya soko. Macho bado yalikuwa yanaona, ila kumbukumbu zilikuwa zinamtoka moja moja. Majina yalikwenda kwanza. Kisha nyuso zikaanza kwenda. Mama Mwanya akiingia, mzee alimtazama kwa adabu kama anavyotazamwa mgeni, mpaka binti acheke. Hapo mzee aliinua kidole, akakielekeza mdomoni mwa binti: "Mwanya wangu huo. Wewe ni wangu." Yeye mwenyewe alikuwa na mwanya kama ule wakati alipokuwa na meno. Jina hakulikumbuka tena, lakini mwanya hakuwahi kuukosea.

Kwa hiyo Mama Mwanya alikwenda kwa daktari na ombi moja tu. Mengine yote daktari aamue.

Daktari alikuwa dada kijana, umri wa binti yake, mwenye sauti ya chini na viatu visivyotoa kishindo. Kabla ya kugusa chochote alivuta kigoda akaketi.

"Mama, nikueleze mapema, usije ukanilaumu. Siku ya kuweka waya haiumi, inachosha taya tu. Jioni yake ndipo meno yataanza kulalamika. Kwa siku chache utakula vitu vya kuteleza. Shavu litachubuka, nitakupa nta ubandike pale panapochoma. Utaongea kama una peremende mdomoni. Halafu utazoea, na ukishazoea tu utarudi hapa nikukazie tena."

"Wewe daktari," Mama Mwanya akasema, "ni kama muuza kitambaa anayemwambia mteja kwamba kikifuliwa kitarudi."

"Ndiyo maana hawanirudishii kitambaa."

Mama Mwanya akampenda palepale.

Nesi akampaka mafuta ya mgando pembeni mwa midomo kabla ya kuipanua, bila kuombwa, ili isipasuke. Mama Mwanya aliliona hilo, akaliweka moyoni. Kisha pamba zikaingia huku na huku, bomba la kunyonya mate likaning'inizwa mdomoni likiunguruma, daktari akavuta barakoa usoni akaanza kukagua. Na hapo, katikati ya kazi, ndipo alipouliza:

"Na huu mwanya, mama? Wengine wanaupenda, wengine hawautaki. Wewe unatakaje?"

Mama Mwanya alikuwa amelisubiri swali hilo tangu nyumbani. Akakusanya nguvu zote. "Huo nataka kuufuga," akasema. Ila kilichotoka, baada ya kupita kwenye pamba na bomba, hata yeye mwenyewe asingeweza kukiapia.

"Kuufunga?" daktari akasema nyuma ya barakoa. "Sawa, mama. Tutaufunga vizuri kabisa."

Na kwa mngurumo wa lile bomba, na kwa kile kitambaa mdomoni mwa daktari, Mama Mwanya akasikia: tutaufuga vizuri kabisa. Akainua dole gumba. Daktari naye akainua lake. Wakaachana siku ile kila mmoja akimsifu mwenzake kwa uelewa.

Siku ya waya ilikuwa kama alivyoambiwa. Meno yalisuguliwa, yakakaushwa, vipande vidogo vya chuma vikabandikwa kimoja kimoja kwa gundi na kumulikwa taa ya buluu. Kisha daktari akapitisha waya, na Mama Mwanya akaitambua kazi ile, maana ndivyo anavyopitisha mpira kwenye kiuno cha sketi. Nesi alimpa kioo. Akajitazama, akakirudisha haraka.

"Cheka nione," kinyozi akasema alipofika nyumbani.

"Sicheki."

"Kidogo tu, mke wangu."

Akafungua mdomo kidogo. Kinyozi akazima taa ya kibarazani. "Hatuihitaji tena," akasema.

"Wewe subiri. Nikipona utanitambua."

Jioni meno yakaanza kulalamika, kama ilivyoahidiwa. Kinyozi alikuwa na kawaida ya kutafuna karanga za kukaanga baada ya chakula, akiwa kitini kwake, miguu juu ya stuli. Siku ile alipotea na bakuli lake. Mama Mwanya akamsikia nyuma ya nyumba, akitafuna polepole kama panya mwenye adabu, asimtamanishe mwenzake. Aliporudi alikuwa na viazi alivyoviponda kwa maziwa, vyenye madonge, na alimlisha kwa kijiko cha chai huku akimsimulia habari za mteja mmoja aliyetaka anyolewe afanane na picha ya mtu mwenye nywele.

"Usinichekeshe, nachomwa."

"Basi nitakusimulia ya msiba."

"Hayo ndiyo yatakayonichekesha zaidi."

Mazoea yalikuja, ila si yote kwa pamoja. Alijifunza kusukuma kiburashi chembamba katikati ya waya na jino. Alijifunza kukata tunda vipande vidogo kama vya mtoto. Lililomshinda ni uzi. Tangu alipokuwa msichana alikata uzi kwa meno, na meno hayakuwahi kusubiri amri yake. Siku moja akasikia kitu kimedondoka kwenye kitambaa. Kipande cha chuma. Daktari akakibandika upya bila kumgombeza. Jioni hiyo kinyozi akafunga mkasi wake mdogo, ule wa kupunguza masharubu, kwenye utepe, akamvika mkewe shingoni. Kwa wateja wake mwenyewe akabaki na ule mkubwa, na masharubu ya mtaa mzima yakawa na hitilafu kwa muda.

Na mwanya? Mama Mwanya alikuwa akiutazama. Aliona meno yale mawili yanasogeleana. Zamani alipomhitaji mumewe alipiga mluzi kupitia pale katikati, na kinyozi akaitika hata mashine ikiwa inaunguruma. Mluzi ukawa mwembamba, kisha ukawa pumzi tu. Akasema ni waya unaozuia. Kuhusu kusogea, alijieleza kwa akili ya ufundi: nguo ya marinda haikunjuliwi kabla ya kukunjwa. Daktari atakuwa anakusanya kwanza, baadaye ataachia.

"Mwanya unaendeleaje?" alikuwa akiuliza kila anapokwenda kukaziwa.

"Unaendelea vizuri sana, mama. Nimefurahi."

"Na mimi nimefurahi, mwanangu."

Kwa mama yake hakuacha kwenda. Mwanzoni waya hazikuleta neno. Mzee alichungulia, akasema, "Umekula nini kikakunasa hivyo, mwanangu?" na hiyo "mwanangu" ilimtosha binti. Safari nyingine mzee alikawia kidogo. Nyingine akakawia zaidi. Halafu ikafika Jumapili ambayo Mama Mwanya aliingia, akasalimia, akacheka kwa mdomo wote, na mzee akamtazama kwa upole na kumwonyesha kiti.

"Karibu, dada. Umetoka mbali?"

Wifi yake, mke wa kaka, alikuwa anakunja nguo pembeni. "Mama, huyu si Mwanya?"

"Mwanya namjua," mzee akasema. "Huyu hana."

Mama Mwanya akacheka tena, kwa nguvu zaidi, akasogeza uso karibu na dirisha pale penye mwanga. Mzee akatazama kwa makini, kama mtu anayetaka kumfurahisha mgeni. Kisha akatikisa kichwa.

"Una meno mazuri, dada. Yamekaa pamoja. Mimi ninaye binti, fundi cherehani, ana mwanya kama niliokuwa nao mimi. Siku hizi haji. Sijui nimemkosea nini. Ukimwona mwambie pindo langu limefumuka hapa."

Akainua pindo la gauni akamwonyesha. Mama Mwanya akatoa sindano kwenye mkoba, akapiga magoti sakafuni, akalishona lile pindo palepale mzee akiwa amelivaa. Akakata uzi kwa mkasi wa shingoni. Mzee akapapasa mshono.

"Unashona vizuri," akasema. "Karibu umfikie. Ila yeye mkono wake ni mwepesi zaidi."

Wifi akamsindikiza mpaka nje ya lango. Hawa wawili walikuwa hawawezi kukutana bila kutaniana. Tangu siku ya harusi kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake ajikwae. Siku ile wifi alimbebea mkoba, wakatembea bila utani mpaka kona. Hapo uvumilivu ukamwishia.

"Lakini na wewe wifi, kilichokufanya uufunge mwanya ni nini?"

"Sijaufunga. Nimeufuga."

"Umefanyaje?"

"Nimeufuga. Nilimwambia daktari ninaufuga."

Wifi akasimama, akamshika kidevu, akamgeuza kwenye jua kama anayekagua sahani kama imeoshwa. "Wifi yangu," akasema, "mimi sikusoma udaktari. Lakini huo mlango umefungwa, na ufunguo sijui anao nani."

Mama Mwanya alitembea hadi nyumbani akilisema lile neno moja kwa sauti, mara na ile *n* ndani yake, mara bila. Waliopishana naye waliona mtu mzima anajifunza kuongea.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa daktari kabla ya wagonjwa wa siku ile, bila miadi. Safari hii alikataa kulala kwenye kiti. Alisimama.

"Daktari, leo tuongee nikiwa sina kitu mdomoni, na wewe ushushe hiyo barakoa."

Daktari akaishusha.

"Mimi nilikwambia mwanya wangu nataka kuufuga."

"Ndiyo, mama. Na umefungika vizuri."

"Sikusema kufunga. Nilisema kufuga."

"Kufuga nini?"

"Mwanya."

Daktari akamtazama nesi, nesi akamtazama daktari. "Mwanya unafugwa, mama?"

"Ndevu hazifugwi?"

Nesi ndiye aliyeanza. Aligeukia kabati la dawa, mabega yakawa yanatikisika. Daktari alijibana, akashindwa, akacheka mpaka akafuta macho. Mama Mwanya naye alicheka, maana hakuwa mtu wa kukaa pembeni watu wakicheka, lakini cheko lake likageuka njiani likawa kilio. Hapo wenzake wakanyamaza. Nesi akamletea maji na kitambaa, akabaki amesimama karibu naye, mkono begani.

Akawaeleza swali la mumewe kinyozi, kisha habari za mama yake. Aliwaeleza mpaka lile pindo.

Daktari alivuta kigoda chake, kile kifupi, akaketi chini kuliko yeye. "Kosa ni langu," akasema. "Swali kama lile sikupaswa kukuuliza ukiwa na pamba mdomoni. Nisamehe, mama."

"Na mimi nilipaswa kusema kwa lugha ya watu, si ya kinyozi. Sasa niambie, unafunguka?"

"Unafunguka. Nitaweka springi ndogo katikati ya hayo mawili, iyasukume polepole. Kisha nitabandika kiwaya nyuma, kuyashika yasirudiane. Ila ukweli ni kwamba tulikuwa karibu kumaliza. Itabidi ukae na waya miezi mingine."

"Na ukizing'oa zote leo?"

"Ya chini yatarudi kugombana, na ulimi utakatwa tena. Na mwanya, sijui kama utafunguka wenyewe. Siwezi kukuahidi kitu nisichokijua."

Mama Mwanya akautazama ukuta, penye picha ya meno makubwa yanayocheka bila mtu. "Miezi mingi kwangu si kitu," akasema. "Ninayemhesabia ni mama yangu."

Daktari akasimama akanawa mikono. "Basi tusiipoteze hata wiki moja. Lala hapo." Ulikuwa ndio muda wake wa kunywa chai, chai ile ilibaki mezani ikapoa. Kabla ya kuingiza pamba akauliza upana gani, na Mama Mwanya akatoa mkobani kipande cha uzi wa viatu akakinyoosha mbele yake. Daktari akakipima, akampa nesi akitunze.

"Sema mara ya mwisho," daktari akasema. "Tunafanya nini?"

"Tunaufungua. Halafu tunaufuga."

"Nesi, umesikia?"

"Nimesikia. Ninyoe au nifuge?"

Meno yalilalamika upya, kama siku za kwanza. Viazi vya kuponda vikarudi, safari hii bila madonge, maana kinyozi alikuwa amepata uzoefu. Kila asubuhi alimwomba mkewe ajaribu mluzi. Pumzi tu. Pumzi tena. Halafu siku moja, mteja akiwa amejaa povu nusu ya uso, upande wa pili wa pazia kukatoka sauti nyembamba kama ya birika linalokaribia kuchemka. Kinyozi akaweka wembe chini akaitika, "Naam," na mteja akasubiri.

Siku zote hizo Mama Mwanya aliendelea kwenda ng'ambo ya soko akiwa yule dada mgeni. Alimkata mama yake kucha. Alimsikiliza akimlalamikia binti yake, na mara nyingine aliafiki kwamba binti huyo kweli amezidi. Wifi alikuwa akitoka nje wakifika hapo, kwa kuwa hakuweza kujizuia, na aliporudi alikuwa na chai ya kila mtu, ya Mama Mwanya ikiwa imepozwa tayari.

Hata ile siku alipoingia hakutegemea kitu. Alisalimia, akaitwa dada, akaonyeshwa kiti. Wifi alikuwa anasimulia jinsi kaka mtu alivyotoka kwenda kazini amevaa shati upande wa ndani nje, tena akabishana na waliomwambia, na Mama Mwanya akacheka bila kukumbuka mdomo wake.

Mzee aliacha kunywa. Akainama mbele. Kidole kikapanda polepole mpaka karibu kabisa na midomo ya binti.

"Mwanya wangu huo," akasema.

Wifi aliweka birika chini taratibu, lisigonge.

"Wewe ni wangu. Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Nilikuwa kwa daktari, mama."

Mzee hakuonekana kulisikia jibu. Alikuwa anakagua. Aliufuata ule waya kwa kidole kutoka jino hadi jino, akafika kwenye springi pale katikati, akasita. Kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Wameutia nondo," akasema. "Wamefanya la maana. Mtaa huu una wezi."

Mama Mwanya akacheka mpaka waya ukamchoma shavu, akapeleka mkono mkobani kutafuta nta. Mama yake akamshika kidevu kwa vidole viwili, akamrudisha kwenye mwanga.

"Tulia," akasema. "Sijamaliza kuangalia."